Isale la Nyumba ya Vioo

Kirua Vunjo,
10 Oktoba 1971

Mwanangu Salvina,

Barua yako ya kufika imesomwa hapa mpaka mikunjo imelegea. Shangazi yako Digna aliibeba kanisani kuwaonyesha watu stempu yenye kichwa cha malkia. Sisi hatujambo. Ng'ombe amezaa, ila ni dume. Upepo umeangusha migomba ya upande wa mfongo, kule mferejini, tumeiwekea miega. Buni zinakauka mtini zikiwa mbichi. Bwana shamba alikuja, akatazama, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Sasa nikwambie neno ambalo sikulisema pale stendi ya Moshi, maana wenzako walikuwapo na sikutaka upande basi unalia.

Ulipopata nafasi ya kusomea uuguzi Uingereza ukaambiwa uchague mji, mimi ndiye niliyesema, chagua Oxford. Ulidhani nimelipenda jina. Jina hilo nalisikia kila Jumapili nje ya kanisa kinywani mwa Mzee Kalisti: "Melkior wangu yuko Oxford, mji uliosoma kabla babu zetu hawajapanda ndizi." Ndiyo sababu.

Najua unayajua haya. Nayaandika ili baridi ya huko isiyafute. Masika ya mwaka 1968 Melkior alichukua pikapu ya baba yake, akampakia kaka yako Emilian wakateremka Uchira. Emilian nilikuwa nimemtuma mafuta ya taa. Wakati wa kupanda, pale darajani, gari likaacha njia. Emilian akafa chini yake. Melkior akatoka na mkwaruzo wa kiwiko. Polisi walipouliza, akasema Emilian ndiye aliyeshika usukani. Emilian, ambaye hata baiskeli ya katekista ilimshinda! Na chupa yangu ya mafuta ililetwa nyumbani nzima, gunzi la kizibo liko mahali pake. Nikawauliza wazee: mtu anaendesha gari huku amebeba chupa? Wakasema, mama, uchungu unakusemesha.

Kisha wakaamua kwamba marehemu ameharibu gari la watu. Nikakata isale kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba hili la migomba, kama inavyompasa mkosaji, nikatembea na jani lile mkononi, siku ya soko, mpaka kwa Kalisti kumwombea radhi mwanangu aliyekuwa hajamaliza hata wiki mbili kaburini. Kalisti akalipokea, maana isale halikataliwi. Alilipokea akiwa amekaa. Melkior alikuwa amesimama mlangoni, anatazama viatu vyake vipya.

Mtafute. Usimtukane njiani. Jua anakopita na siku atakayovaa joho la kumaliza. Siku hiyo simama mbele ya walimu wake useme alichofanya. Aliharibu jina la mwanangu mbele ya watu wetu. Lake nalo liharibike mbele ya watu wake.

Vaa soksi mbili mbili.

Mama yako,
Anyesi


Oxford,
7 Novemba 1971

Mama mpendwa,

Shikamoo. Soksi navaa. Mmsalimie shangazi Digna, na yule ndama asichinjwe kabla sijajua jina lake.

Umetaka kujua mji ulivyo. Kutoka London nilipanda treni kwenye kituo kiitwacho Paddington. Mwanzo ni migongo ya nyumba na kamba za nguo, halafu malisho, halafu mto na ng'ombe wanene wamelala kando yake kama hawana mwenyewe. Mwisho ikatokea minara, mmoja huku, mwingine kule, kama mabua yaliyosahauliwa shambani baada ya mavuno. Mzee mmoja kwenye behewa akaniambia, "Hicho ndicho chuo kikuu." Nikamuuliza lango lake liko wapi. Akacheka mpaka akavua miwani.

Sasa najua alichocheka. Mama, chuo hiki hakina lango. Ni vyuo vingi vimetawanyika mjini, kila kimoja na ukuta wake, kanisa lake, nyasi zake zisizokanyagwa na bawabu wake mwenye kofia nyeusi ya duara. Ni kama vihamba vya kwetu: wenyewe wanajua mpaka ulipo, mgeni anazunguka tu nje ya miti.

Hospitali yetu iko juu mlimani, upande wa mashariki. Nikiwa na nafasi nateremka kwa basi, tunavuka daraja la mto, barabara inapinda taratibu katikati ya kuta za mawe mpaka njia panda yenye mnara. Kutoka hapo ni miguu. Usipotazama unagongwa na baiskeli. Zinapandwa na wanafunzi, wamama wenye vikapu, hata maprofesa wenye mvi, nguo nyeusi zinapepea nyuma yao kama kunguru. Mara ya kwanza nilisimama nikawatazama wazee wale, nikamkumbuka Emilian akitoka kwenye mfongo na baiskeli ya katekista shingoni, tope sikioni, anacheka.

Nimeanza kuuliza mlango hadi mlango.

"Unamtafuta nani, binti?"

"Melkior Kalisti, wa Tanzania."

"Hayupo hapa. Jaribu ng'ambo ya barabara."

Wa ng'ambo naye ananiambia nijaribu nyuma. Kiatu cha kulia kimefunguka mdomo. Bawabu mmoja aliniuliza kama ni mchumba wangu. Nikasema hapana, ni jirani. Akasema, "Jirani hatafutwi kwenye mvua namna hii."

Nitamwona tu. Mji wenyewe ni mdogo.

Mwanao,
Salvina


Kirua Vunjo,
2 Januari 1972

Mwanangu Salvina,

Krismasi imepita. Watu wa Dar na Arusha walipanda mlimani wote na redio zao. Wengine sasa wanasema watarudi kwa ndege, maana uwanja mkubwa umefunguliwa kule tambarare ya Sanya. Ndama anaitwa Posta, Digna ndiye aliyempa.

Sikiliza lililonipata. Siku ya pili ya Krismasi nilikuwa jikoni napika kiburu cha ndizi na maharage. Digna yuko uani anamenya ndizi. Mara nasikia, "Wifi! Wifi, toka na mlango wa nyuma! Jani linakuja!"

Nikachungulia. Mzee Kalisti, koti la Jumapili, wazee wawili nyuma yake, na isale mkononi, bichi, refu. Salvina, sikuwahi kukimbia hivyo tangu nikiwa msichana. Nilipita migombani, nikaruka mfongo, nikajificha zizini kwa jirani yetu Eliaichi kati ya ng'ombe wawili. Yaliyosemwa nyumbani nimesimuliwa na Digna.

"Anyesi yuko wapi?"

"Shikamoo mzee. Amekwenda Moshi."

"Moshi? Mbona kandambili yake moja iko hapa mlangoni?"

"Amekwenda na moja."

Wakakaa mpaka kiburu kikaungua. Wakaondoka na jani lao.

Usicheke sana. Unajua desturi: nikilishika tu, nimefungwa, simdai mtu wa nyumba ile neno lolote mpaka naingia kaburini. Kalisti hakuja kusema kweli. Mwanawe anamaliza mwaka huu, kuna kiti kinamngoja wizarani, na mzee hataki arudi kwenye njia yenye minong'ono. Aliwaambia wenzake amekuja "kumaliza maneno". Maneno gani yanamalizwa ambayo hayajasemwa?

Padri naye aliniita. Anyesi, samehe, hata yule mwizi msalabani alisamehewa. Nikamwambia, Padri, nimesoma darasa la nne tu, lakini yule mwizi alisema kwanza kwa kinywa chake kwamba anastahili msalaba. Huyu wangu amesema nini? Padri akanipa rozari mpya.

Kwa hiyo kila nikisikia hodi natazama mikono kwanza, uso baadaye. Nitakimbia mpaka wewe umalize kazi yako. Umemwona?

Mama yako,
Anyesi


Oxford,
13 Februari 1972

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kumeanguka theluji. Nilidhani itakuwa kama ile ya juu ya Kibo, safi, lakini huku wanaikanyaga ikawa tope.

Masomo ni mengi. Nimepangwa wodi ya wazee. Kuna bibi mmoja anayeniita Mary na kunishika mkono mpaka alale.

Melkior sijamwona bado.

Nimeona kitu utakachokistaajabia. Mara tu baada ya daraja kuna bustani ya miti, na ndani yake nyumba za vioo zenye joto kama la Moshi mjini. Mle, kwenye chungu, limesimama isale. Lina kibao cha jina la Kilatini. Wazungu wanapita wanalitazama na kusoma kibao, hawajui ni kitu gani. Mtu wa kwetu akisimama mbele yake huwa anakaa sana.

Baiskeli sijanunua. Si kila mtu hapa anapanda. Yuko anayekwenda kwa miguu kila mahali, hata mvua inyeshe, hata wenzake wote wampite.

Nisalimie Posta.

Mwanao,
Salvina


Kirua Vunjo,
12 Machi 1972

Salvina,

Umeniandikia hujamwona. Kisha ukaniambia kuna mtu wa kwetu anayesimama sana mbele ya isale. Kisha ukaniambia yuko asiyepanda baiskeli hata mvua inyeshe. Mimi nilichambua maharage na watoto wawili miaka yote ile. Najua punje iliyotobolewa hata ikigeuzwa upande mzuri.

Umemwona. Umemwona mara nyingi.

Kwa nini unanificha? Amekupa chai? Amekusifia nywele? Alikuwa kijana mzuri, sikatai, na sauti ya kwaya anayo. Kama umempenda mtu aliyemlaza kaka yako chini ya gari kisha akamtwisha kosa, niambie tu, niweke kaburi la pili kando ya lile, niende kuyapalilia yote mawili.

Unataka nimwonee huruma kwa sababu anatembea. Atembee. Emilian naye angependa kutembea.

Nikueleze kitu ambacho hukukiona, ulikuwa shule ya bweni. Siku ile nilipopeleka isale, nilipita darajani. Vioo vya gari vilikuwa bado chini, na mvua ilikuwa imeviosha vinang'aa. Wanawake waliotoka sokoni walisimama kandokando na mizigo yao kichwani, wakanipisha njia. Hakuna aliyenisalimu. Walikuwa wanalitazama jani. Mtoto wa nani sijui akauliza, "Huyo ndiye mama wa yule aliyevunja gari?" Na mama yake akamjibu, "Ndiye."

Nilikuwa nimemfunga Emilian tai ya shule jeneza lilipokuwa bado wazi. Hakupenda ibane. Nikaacha nafasi ya kidole kimoja, kama alivyokuwa akiniambia kila Jumatatu.

Siku ya joho ni lini? Niandikie hilo tu.

Anyesi


Oxford,
30 Aprili 1972

Dada Salvina,

Salamu. Nimekuona. Nilikuona njia panda chini ya mnara, nikakuona mlangoni pa maktaba, na Jumapili ile nyuma ya migomba ya kwenye nyumba ya vioo. Unatembea mikono nyuma kama watu wa kwetu wanaopanda mlima. Hapa hakuna mwingine anayetembea hivyo.

Kama una neno nami, huna haja ya kunifuata kwenye mvua. Panda basi linaloteremka kutoka hospitalini, vuka daraja, shuka kituo cha kwanza. Mkono wa kushoto utaona lango kubwa la mawe. Ingia, fuata ukuta mpaka mtoni, ndipo zilipo nyumba za vioo. Jumapili mchana huwa niko hapo.

Baba ameniandikia kwamba mama yako anakimbia isale. Naomba umshauri. Tukio lile lilikuwa la kusikitisha kwa pande zote mbili. Mimi mwenyewe sijasahau tukio lile. Nitahitimu Julai, na wizarani wananingoja. Isingependeza nirudi huku tukio la zamani likiwa bado linazungumzwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Melkior K.


Oxford,
4 Mei 1972

Kaka Melkior,

Barua yako nimeipata. Umeandika "tukio" mara tatu. "Emilian" hukuandika hata mara moja.

Bustanini sitakuja. Tutaonana siku ya joho.

Salvina


Oxford,
30 Julai 1972

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba uikalie chini barua hii, na Digna awe karibu.

Ni kweli nilimwona tangu Januari nikakuficha. Sikumpenda, Mama. Nilikuwa namtazama kama anacheka. Nilijiambia, nikimwona anacheka na wenzake, nitapata nguvu ya kufanya ulivyoniagiza. Nikamfuata miezi yote ile. Wenzake wakicheka yeye alikuwa anatabasamu upande mmoja, kisha anaangalia barabara. Gari likipiga breki anashika ukuta. Niliogopa nikikuambia hayo utadhani nimelainika. Na kweli nilianza kulainika, mpaka alipoandika ile barua yake ya "tukio". Hapo nikapona.

Siku ya joho nilivaa blauzi nyeupe na ile khanga yako nikaifunga kiunoni juu ya sketi. Niliteremka kwa miguu toka mlimani, maana mabasi yalijaa wazazi wenye kofia. Mahafali yanafanyikia kwenye jumba moja la duara katikati ya mji. Walitoka kwa mstari, majoho meusi, manyoya meupe mabegani, kengele zinalia. Nikamwona. Nikasogea mpaka mbele kabisa, walimu wakiwa hapo hapo, nikapaza sauti kama ulivyoniagiza.

"Melkior wa Kalisti! Wewe ndiye uliyeendesha! Wewe ndiye uliyemuua Emilian wa Anyesi, ukamsingizia maiti! Mama yangu alibeba isale lako!"

Nilisema kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kichagga, maana hasira yangu iko kwa Kichagga.

Mama, walipiga makofi.

Watu wote walipiga makofi. Walidhani ni vigelegele vya kwetu. Mzee mmoja akanipiga picha. Mwalimu mwenye joho jekundu akanipungia mkono, akatabasamu. Mama mmoja wa kofia ya buluu akanikumbatia akisema, "Lazima unajivunia sana kaka yako!" Nikajilazimisha, nikamwambia kwa Kiingereza, "Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha gari." Akanijibu, "Vizuri sana, mpenzi! Na mmeliegesha wapi? Leo mjini hapana nafasi kabisa."

Niligeuka nikaondoka. Niliifuata ile barabara inayopinda, nikienda mbio, machozi yananiziba, baiskeli zinanipigia kengele. Sikuwa najua kwamba yuko nyuma yangu. Safari hii yeye ndiye aliyenifuata. Alikuwa mtu mmoja tu katika umati ule aliyesikia nilichosema, naye alikuwa ameacha mstari, picha na sherehe.

Nilisimama darajani. Yeye alipitia bustanini, nikasikia mlinzi anafoka kwamba mimea haiguswi. Akatoka na jani la isale mkononi, joho limechanika kwenye lango.

Akasema, "Salvina, ni mimi niliyeendesha. Emilian alikuwa pembeni yangu. Alikuwa amekumbatia chupa ya mafuta kwa mikono miwili. Alikuwa ananiambia, polepole Melki, mafuta ya mama yatamwagika. Nilicheka, nikakanyaga zaidi."

Nikamuuliza kwa nini alisema uongo. Akasema alimwogopa baba yake kuliko Mungu. Kisha baba yake akajua, akamwambia neno likishafika polisi halirudi.

Akaninyooshea jani. Nilificha mikono kwapani, Mama, kama mtoto anayeogopa sindano. Nikamwambia, mimi siye niliyelibeba lako, mpelekee aliyelibeba. Akaenda posta na joho lake lile lile, akalitia kwenye bahasha na kuliandika kwa jina la shangazi Digna, ili asikunase kwa hila. Nami nimemwomba asiitume mpaka barua hii itangulie.

Basi umeshajua. Unaweza kukimbia tena, au unaweza kulishika. Mimi sitakulaumu. Kazi uliyonituma niliifanya, na haikuwa na faida. Mji huu haujui Emilian ni nani.

Mwanao,
Salvina


Kirua Vunjo,
27 Agosti 1972

Mwanangu Salvina,

Nisamehe neno lile la kaburi la pili. Lilitoka kwenye kalamu kabla sijalishika.

Barua yako ilisomwa na Digna kwa sauti, mimi nimekaa kwenye kile kigoda cha Emilian. Alipofika kwenye mafuta ya mama yatamwagika, nilimwambia aishie hapo. Tulikaa. Ng'ombe wakakosa majani mpaka jioni. Kisha nikamwambia, rudia hapo tu. Akarudia.

Chupa ile ninayo. Sikuwahi kuyawasha mafuta yake. Iko juu ya kabati, gunzi lile lile.

Bahasha ya Melkior ilifika wiki iliyofuata. Digna aliileta ameishika kwa ncha ya khanga, anasimama mbali, anasema, "Wifi, mlango wa nyuma uko wazi." Nikamwambia, lete. Lilikuwa limekauka, limekuwa jeusi pembeni, halina harufu. Jani lililomwagiliwa na mzungu ndani ya chungu. Lakini ni isale. Nimelishika kwa mkono wangu wa kulia, balozi wa nyumba kumi na Eliaichi wakiwa mashahidi.

Digna alilia akidhani nimesamehe yakaisha. Wewe usilie bado.

Isale la Kalisti lingemaliza maneno, kwa sababu mzee akileta jani kwa niaba ya mwanawe, mwana anabaki nyumbani. Isale la mkosaji mwenyewe ni kitu kingine. Likishapokewa, naye amefungwa. Lazima alifuate kwa miguu yake, aseme kwa kinywa chake mbele ya ukoo, ndipo mbuzi achinjwe na pombe ya mbege inywewe. Asipokuja, jani linamgeukia yeye na watoto atakaowazaa. Anajua. Kama amesahau huko kwenye vioo, baba yake anajua. Nimemtumia salamu Mzee Kalisti kwamba nimepokea. Wanasema alikaa chini palepale njiani.

Kwa hiyo mwambie aje. Nawe uliyenieleza njia za mji wake, mweleze njia ya kwangu, asije akasema alipotea.

Ndege siku hizi zinashuka hapo Sanya. Apande gari mpaka Moshi, na Moshi apande basi la Himo. Ashuke Uchira. Hapo baba yake atataka kumpelekea gari. Asilipande. Si anapenda kutembea? Apande kwa miguu, siku ya soko, asubuhi wanawake wanapoteremka. Asivae kofia. Apite zahanati, apite ghala la kahawa, apite mbele ya kanisa ambapo baba yake huitaja Oxford. Akifika mpaka wa kihamba chao akate isale bichi, alifunge kifuani.

Darajani atamkuta Digna na chupa. Aipokee kwa mikono miwili, aikumbatie kama alivyokumbatia mwenzake, apande nayo mpaka kwangu bila kumwaga. Hivyo hatapata mkono wa kufichia uso.

Mimi nitakuwa getini. Nitampokea nikiwa nimesimama, mimi si baba yake. Lakini jani hilo bichi sitaligusa mpaka aseme, na aseme kwa sauti ile uliyoitumia wewe kule, kwa Kiswahili, kisha kwa Kichagga.

Huku watamwelewa. Hakuna atakayepiga makofi.

Vaa soksi.

Mama yako,
Anyesi